Malaria ilitoka kwa mbu, kwanini ubongo unaulaumu mtori?

Swali limetoka kwa dada mmoja yuko Machame, amekulia Arusha mjini na amejifungua juzijuzi. Nalifupisha hapa:

"Shikamoo dokta. Nikiwa kidato cha tatu nilienda likizo kwa rafiki yangu Moshi, jioni wakatupikia mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ndo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuula, tukashushia na chai ya maziwa. Usiku uleule nikaanza homa na kutapika, asubuhi hospitali wakapima wakakuta malaria. Wenzangu waliokula chungu kimoja na mimi walikuwa wazima. Najua kabisa mtori hauna kosa, ila mpaka leo nikisikia ile harufu tu mate yananijaa mdomoni nataka kutapika. Chai nakunywa vizuri tu. Sasa nimeolewa Uchagani, nimejifungua, mama mkwe ananipikia mtori kila siku na nikikataa anaona namdharau. Nimesoma mahali kwamba kuna enzaimu za kwenye ubongo zinahusika na hii kitu. Ni kweli? Na kuna dawa ya kuifuta?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana ya mtoto. Nianze na la mama mkwe maana naona ndo linalokunyima raha kuliko hizo enzaimu. Sio dharau, sio maringo ya watu wa mjini, na wala sio kujiendekeza kama tunavyopenda kuwaambia watu. Ni kumbukumbu, ina sehemu yake kabisa kwenye ubongo, na ile sehemu haipokei maelezo. Unaweza ukawa na cheti cha hospitali kimeandikwa malaria, ukakibandika jikoni, bado sufuria likifunuliwa tumbo linapinduka.

Kuna majaribio ya zamani yanaonyesha hii vizuri sana. Panya walionjeshwa kitu kitamu, alafu wakapigwa nusu kaputi wakalala fofofo, na wakiwa hawajitambui kabisa ndo wakapewa kitu cha kuwachafua tumbo. Walipozinduka na kupona, kile kitamu hawakukitaka tena. Yaani hata hawakuwepo wakati wanaumwa, ila somo liliingia. Sasa kama mtu hahitaji kuwa macho ili ajifunze, utamwondolea hilo somo kwa kumwambia "lakini si unajua ni malaria"?

Hii kitu watu wa sayansi waliigundua bila kuitafuta. Mwaka 1955 huko Marekani John Garcia na wenzake walikuwa wanachunguza mionzi, wakaona panya waliokunywa maji ya sakarini, kile kitamu cha kutengeneza, wakiwa kwenye mionzi ya gama baadaye wanayakwepa yale maji. Wakati huo imani ilikuwa kwamba kujifunza kunataka tukio na matokeo yake vifuatane kwa sekunde, ukichelewesha kidogo tu mnyama haunganishi. Huku kwenye chakula na kichefuchefu masaa yanapita na bado vinaungana. Mwaka 1966 Garcia na Koelling wakafanya jaribio ambalo mimi nalipenda kulifundisha: panya anakunywa maji yenye ladha, na kila akilamba taa inawaka na kelele inalia. Waliofanywa waumwe tumbo baadaye waliikataa ladha, taa na kelele hawakujali. Waliopigwa shoti ya umeme miguuni ikawa kinyume, waliogopa taa na kelele lakini ladha wakaendelea nayo kama kawaida. Kwahiyo usiku ule ubongo wako haukuwa na mpango wa kulaumu shuka, wala chumba, wala rafiki yako. Ukiumwa tumbo anayetafutwa ni kilichopita mdomoni.

Na mbu? Mbu aliyekuambukiza alikuuma wiki moja nyuma au zaidi, maana vijidudu vya malaria vinaanzia kwenye ini kwanza, vinakaa humo siku kadhaa vikizaliana ndo vitoke kwenye damu na homa ianze. Ubongo unaangalia nyuma masaa, hauangalii wiki. Mkosaji halisi hata kwenye orodha ya washukiwa hakuwepo.

Sasa swali ambalo hukuuliza ila umelijibu mwenyewe bila kujua, na ndo zuri kuliko yote: mbona chai umeisamehe? Ulikunywa jioni ileile, meza ileile. Hapa ndo enzaimu zinapoingia, yaani zile protini zinazoendesha kazi za kikemikali ndani ya seli.

Ladha ikitoka kwenye ulimi inapita kwenye shina la ubongo, inapanda mpaka sehemu inaitwa insula, imejificha ndani ya mkunjo wa pembeni, usawa wa juu ya sikio hivi. Ndani ya seli za neva za huko kuna enzaimu za kundi linaloitwa kinasi, kazi yao ni moja tu, kuchukua kipande kidogo cha kemikali kinachoitwa fosfati na kukipachika kwenye protini nyingine, na ikishapachikwa ile protini inabadilika tabia, iliyolala inaamka, iliyofunga inafungua. Mwaka 1998 kikundi cha Yadin Dudai kwenye taasisi ya Weizmann huko Israeli kilionyesha kwamba panya akionja kitu ambacho hajawahi kukionja maishani, kinasi moja inaitwa ERK inaamka haraka sana kwenye insula. Akionja kitu alichokizoea, kimya. Na haijalishi ile ladha imetengenezwa na kemikali gani, kinachoiamsha ni ugeni wake. Alafu wakaweka dawa ya kuizuia njia ya ERK palepale kwenye insula kabla ya panya kuonja: baadaye panya walikumbuka kwa mda mfupi kwamba ile ladha ni mbaya, ila kumbukumbu ya mda mrefu ikawa dhaifu.

Rudi Moshi sasa, jioni ile. Chai ya maziwa umeinywa tangu una meno mawili, insula haikuhangaika nayo. Mtori ulikuwa mgeni, ndizi zimepondwa, samli, mchuzi wa mifupa, mchanganyiko ambao ulimi wako haujawahi kuuona. ERK ikaamka, seli zikaweka alama kwamba hiki ni kipya tukiangalie kwanza. Na kabla alama haijafutika, homa na kutapika vikafika. Yaani laiti ungekuwa umelelewa na mtori tangu mtoto, malaria ileile, usiku uleule, uwezekano mkubwa leo usingekuwa unaniandikia. Ndo maana mama mkwe wako hakuelewi, yeye ameumwa malaria mara ngapi sijui na mtori tumboni na haikumfanya chochote.

Upande wa pili wa habari unatoka tumboni. Pale chini kwenye shina la ubongo kuna kisehemu kidogo ambacho hakina ule ukuta mkali unaochuja vitu vya kwenye damu visiingie kwenye ubongo, kwahiyo chenyewe kinaionja damu moja kwa moja kutafuta sumu, na mshipa wa neva wa vagasi nao unaleta taarifa za utumbo. Hizo habari na za ladha zinakutana hukohuko chini alafu zinafika pia amigdala, ile sehemu inayojulikana kwa mambo ya woga. (Kwa taarifa yako panya hawezi kutapika, mwili wake haujaumbwa hivyo, lakini kichefuchefu hiki cha kujifunza anacho kama sisi, wanamchoma lithiamu kloridi ya kumchafua tumbo anajikunyata tu pembeni.) Amigdala ndo inafanya hata harufu ikutese. Harufu peke yake haishiki vizuri kama kuumwa kumechelewa, ila ikiwa imeingia pamoja na ladha inabebwa nayo, na baadaye harufu inakuwa kali kuliko hata ladha yenyewe. Wewe hufiki hata kuonja, mfuniko tu unatosha.

Kwenye amigdala kuna kinasi nyingine, inaitwa PKA. Ukiizuia, panya anaikataa ladha vizuri kabisa kwa masaa ya mwanzo, ukimrudia baada ya siku kadhaa amesahau. Kwahiyo ujue kuna kazi mbili tofauti, kukumbuka jioni na kukumbuka miaka, na hii ya miaka inataka enzaimu ziende mpaka kwenye jeni zikaamrishe protini mpya zitengenezwe. PKA inafanya hivyo kwa kuipachika fosfati protini inayoitwa CREB ambayo inakaa kwenye kiini cha seli inawasha jeni. Ukizuia protini mpya zisitengenezwe, kumbukumbu ya miaka haishiki.

Na kuna wanaobandua pia. Fosfatasi ni enzaimu zinazotoa zile fosfati, maarufu kwenye haya mambo ni kalsinurini. Utafiti wa Zurich, Uswisi, wa 2008 ulionyesha kwamba kumbukumbu ya namna hii ikiwa inajengwa, kalsinurini kwenye amigdala inapunguzwa kazi, na panya waliobadilishwa jeni ili kalsinurini izuiwe zaidi walishika chuki kali kuliko kawaida na ilikuwa ngumu kuitoa. Mimi kwa maoni yangu watu wanaisahau hii nusu, kila mtu anazungumzia enzaimu za kukumbuka, hakuna anayeuliza nani kazi yake ni kutuzuia tusikumbuke kila kitu.

Haya, dawa ya kufuta. Nadhani ulichosoma ni habari ya PKM-zeta maana ndo iliyotangazwa sana duniani. Kinasi nyingi zina kipande chao wenyewe kinachozizuia mpaka ishara ifike. PKM-zeta kile kipande hana, ni bodaboda isiyo na breki, ikishatengenezwa inafanya kazi tu haisubiri kuambiwa. Kwahiyo Todd Sacktor wa Brooklyn, New York, akaja na wazo kwamba labda hii ndo inayoshikilia kumbukumbu miaka na miaka. Mwaka 2007 yeye na Dudai na Reut Shema wakachukua panya waliofundishwa kuchukia ladha, wakasubiri mpaka kumbukumbu imekomaa, wakawachoma kwenye insula kitu kinaitwa ZIP kilichotengenezwa kuizuia PKM-zeta. Chuki ikaondoka, na hawakuiona ikirudi. Na panya hawakuharibika, ukiwafundisha upya wanajifunza. Mwaka 2011 wakafanya kinyume chake, wakaingiza PKM-zeta ya ziada kwa kutumia kirusi, na kumbukumbu ya zamani ambayo ilishaanza kufifia ikapata nguvu.

Magazeti yakaandika dawa ya kufuta kumbukumbu imepatikana. Alafu 2013 zikatoka tafiti mbili kwa mpigo kwenye jarida la Nature, za maabara mbili tofauti, wametengeneza panya ambao hawana kabisa hiyo PKM-zeta, na wanakumbuka vizuri tu, na mbaya zaidi ZIP inawafutia kumbukumbu hao hao ambao enzaimu inayotakiwa kuzuiwa hawana. Hapo wengi wakasema imekwisha. Kikundi cha Sacktor kikajibu 2016 kwamba kwa panya waliozaliwa bila hiyo enzaimu kuna ndugu yake, PKC ya aina ya iota, anashika nafasi yake na ZIP inamzuia huyo pia. Mimi nimekaa upande wa wanaosema enzaimu za jamii hii zinahusika kushikilia kumbukumbu, ila sio moja peke yake kama ilivyotangazwa.

Kwako wewe jibu ni hapana, dawa ya hivyo kwa binadamu haipo. ZIP inachomwa kwa sindano ndani ya ubongo wa panya, fuvu limetobolewa. Na hata ingekuwa kidonge nisingekushauri, kwasababu enzaimu hizi haziujui mtori peke yake, ndo hizo hizo zinazoshikilia mambo mengine, utafuta mtori ufute na sababu ya kuogopa uyoga wa porini. Unanyonyesha juu ya hapo. Na ukikuta mtu mjini anauza eti vidonge vya kusafisha kumbukumbu mbaya, hela yako nunulia pampasi.

Najua kuna shemeji atasoma hapa aulize habari ya pombe, kwamba aliwahi kulewa mbege vibaya mno na mbona anaendelea nayo. Kwenye pombe kuna enzaimu ya kazi nyingine kabisa, katalasi, ambayo ndani ya ubongo inageuza pombe kuwa kemikali nyingine inaitwa asetaldehaidi. Utafiti wa 1985 panya waliozuiwa katalasi walishindwa kuichukia ladha iliyoambatanishwa na pombe, yaani inaonekana kinachofundisha chuki pale ni hiyo asetaldehaidi inayotengenezwa hukohuko kichwani. Na shemeji amekunywa mbege tangu ujana, ladha sio ngeni, tumeshaona chai. Tuendelee.

Kinachofanya kazi ni kujifunza upya, na hapa nataka unisikilize vizuri kwasababu watu wengi wanakosea wanadhani ni kujilazimisha. Mwaka 2001 Diego Berman na Dudai walionyesha kwamba panya akirudiarudia ile ladha bila kuumwa, chuki inapungua, na huko kupungua nako kunataka protini mpya zitengenezwe kwenye insula. Yaani sio kufuta, ni kuandika kingine juu yake. Tena ile njia ya ERK iliyohitajika siku ya kwanza safari hii haihitajiki, kwasababu ladha sio ngeni tena. La zamani liko chini palepale ndo maana linaweza kurudi ukikaa mda mrefu bila kuonja.

Kwahiyo mtori ukiletwa bakuli zima linafuka moshi, na wewe umechoka hujalala, mtoto analia, mama mkwe amesimama mlangoni anaangalia, ukimeza kwa nguvu ukatapika, hujapiga hatua, umemfundisha ubongo mara ya pili kwamba alikuwa sahihi. Usile hivyo. Subiri siku tumbo limetulia na una njaa ya kweli. Omba usitiwe samli, maana kwa unavyoelezea harufu nahisi samli ndo inayokuja kwanza, na omba ndizi zisipondwe, ziachwe vipande kwenye mchuzi mwepesi. Hapo sio mtori bado, najua, wachaga mnisamehe. Kijiko kimoja au viwili, uliopoa maana wa moto unatoa harufu zaidi, unaishia hapo kabla kichefuchefu hakijaja, unakula kingine. Kesho au keshokutwa tena. Ukizoea unaruhusu zipondwe kidogo, samli inakuja mwisho kabisa. Inaweza kuchukua wiki nyingi na inaweza isifike mwisho, na hakuna ubaya.

Na hakuna ubaya kwasababu hakuna kitu ndani ya mtori ambacho hakipo kwingine. Wazee wetu walichagua vizuri, ni laini, una maji, wanga wa ndizi na nyama kwa pamoja, kwa mama aliyetoka kujifungua ni chakula cha maana sana. Ila supu ya kuku na viazi, uji wa ulezi wenye maziwa, maharage, mayai, mchicha, vinakufikisha hapohapo. Maziwa ya mtoto hayatoki kwenye bakuli la mtori, yanaongezeka kwa kumnyonyesha mara kwa mara usiku na mchana, na wewe kula shibe na kunywa vya kutosha.

Mama mkwe usimwambie habari za kinasi, mwambie hivi: mama, niliwahi kuumwa malaria nikatapika usiku kucha nikiwa nimekula mtori, tangu hapo tumbo linaukataa, naomba unipikie supu na huo mtori nitauonja kidogo kidogo mpaka nizoee. Mwombe mumeo awepo, na ikibidi ndo aanze yeye kuongea, ni mama yake. Sijaona mama wa Kichaga aliyeambiwa "nipikie supu" akakasirika, wanachokasirikia ni sahani kurudi imejaa bila maelezo.

Nyie wenye mgonjwa anayechomwa dripu za kansa, hospitali ya KCMC Moshi au kwingine, hii inawahusu sana. Ilene Bernstein alionyesha mwaka 1978 kwamba watoto waliolishwa aisikrimu ya ladha wasiyoijua kabla ya kemo, yaani hizo dripu za kansa, waliikataa baadaye, ingawa wengine walijua kabisa ni dawa ndo inayowatapisha. Baadaye yeye na mwenzake wakajaribu kumpa mtoto pipi ya ladha kali ya kigeni kati ya chakula na dripu, na lawama ikaenda kwenye pipi, chakula cha kawaida kikapona. Kwahiyo siku ya dripu usimpikie mgonjwa kile anachokipenda kuliko vyote ili kumfariji, tunza kwa siku nyingine. Na usimwonjeshe lishe mpya siku hiyo.

La mwisho kwako mdogo wangu. Ninayoyaeleza ni ya mtu anayechukia chakula kimoja na vingine anakula. Ukiona umeanza kutapika kila kitu, au una homa, au tumbo la chini linauma au uchafu unaotoka una harufu mbaya, hayo sio ya mtori na sio ya insula, nenda hospitali siku hiyohiyo wakuangalie na malaria wapime, mama aliyetoka kujifungua akiwa na homa hasubirishwi nyumbani.